Siku Tulipomlilia Mkuu wa Shule Akiwa Hai

Aibu niliipata, tena ya kutosha, na wapo wanaonicheka mpaka leo kila nikienda mashineni kusaga, lakini niseme mapema: kosa mnalodhani nilifanya mpaka leo silioni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimekulia Utemini pale mjini Singida, na nafundisha sekondari moja huku Kinyangiri. Kidato cha tatu tulikuwa kwenye tanzu za fasihi simulizi, nao walikuwa wanakariri kwa namna iliyonitia hasira. Ukiuliza mbolezi ni nini, darasa zima linajibu kwa pamoja kwamba ni wimbo unaoimbwa wakati wa msiba, halafu ukiomba mfano, wanaangalia madawati (na hao ni watoto waliokwisha kuzika mababu na mabibi, wanazijua nyimbo hizo kuliko mimi). Basi siku hiyo nikaweka chaki mezani nikasema leo hatuandiki maana ya kitu chochote, leo tunaimba, nani ataanza?

Akasimama Neema, binti mpole wa dawati la nyuma, akasema anaijua moja ya Kinyiramba aliyokuwa akiimba bibi yake. Akaanza taratibu, wenzake wakamwitikia kwa haya kwanza, kisha sauti zikapanda, wasichana wawili wakaanza kulia kwelikweli, na mimi (ninayeshika neno mojamoja tu, kwetu ni Wanyaturu) nikajikuta nafuta macho huku nawauliza, mnaisikia takriri hiyo? Mnasikia kifo kinavyosemeshwa kama mtu? Hiyo ndiyo tashihisi. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Madirisha ya darasa letu hayana vioo, na hilo sikulifikiria.

Kijijini hapa kilio kikisikika hakuna anayeuliza kwanza. Mwanamke anaacha ndoo kisimani anafunga kanga kiunoni, mwanamume anabeba jembe au sururu kwa sababu kuna kaburi la kuchimba, maswali yanaulizwa mkishafika. Sasa kilio kinatoka shuleni, na asubuhi ile watu walikuwa wamemwona mkuu wetu wa shule akielekea wilayani Nduguti kwa pikipiki. Wakajumlisha wenyewe. Habari ilipofika mashineni mkuu alikuwa ameanguka, ilipofika kanisani alikuwa ameshakufa.

Nilipochungulia dirishani uwanja ulikuwa umejaa. Katekista na shehe wamesimama pamoja wanashauriana (mkuu ni mgeni, hakuna aliyekuwa na uhakika ni wa dini gani), wanawake wanashusha unga na kuni, wanaume na majembe yao, na katikati mke wa mkuu ameshikiliwa huku na huku, analia mpaka sauti imemkauka. Nikatoka mbio kuwaambia hakuna aliyekufa, hiki ni kipindi cha Kiswahili. Wakaniangalia kwa huruma, na mama mmoja akasema mwalimu naye amechanganyikiwa, mleteeni maji.

Nikiwa nimeshikishwa kikombe, pikipiki ikaingia getini na mkuu juu yake, mzima kabisa.

Mkewe akakaa chini palepale. Mkuu alipoelezwa uso ulimbadilika. Ni mtu mkali, amegombana na nusu ya kijiji kwa ajili ya mbuzi wanaoingia shamba la shule, na sasa watu walewale wamesimama wanamwangalia kama mtu aliyefufuka.

"Omba radhi hapahapa," akaniambia mbele ya wote, "na uwaambie nyimbo zimekwisha. Kuanzia kesho unaandika ubaoni, wanafunzi wananakili."

Ajira naitaka. Nikapiga magoti mbele ya mkewe nikamwomba radhi kwa yale machozi, na nilimaanisha. Kisha nikasimama.

"Kwa mama nimeomba, mkuu, na kwa wote mlioacha kazi zenu naomba. Kwa somo siombi. Leo hawa wamejifunza."

Akasema basi ataomba nihamishwe, na nikajua hatanii. Hapo mkewe akamshika mkono.

"Waache waimbe, Baba Eliya. Tangu tutoke Manyoni nalala nawaza, ukinifia huku ugenini, na ulivyogombana nao kwa sababu ya mbuzi, nitakuzika na nani. Hebu angalia majembe hayo."

Mkuu akaangalia. Waliobeba majembe walikuwa haohao wenye mbuzi. Akawapa mkono mmoja mmoja kisha akaingia ofisini. Habari ya uhamisho sijaisikia tena. Unga nao haukurudi nyumbani, akina mama walisonga ugali papo hapo tukala wote.

Nilichojifunza ni kimoja. Siku hizi nikifika kwenye mbolezi nampigia mwenyekiti wa kijiji kwanza, shikamoo mzee, leo darasani kutakuwa na kilio, watu wasiache kazi zao. Lakini kilio kitakuwepo. Na kwenye mtihani wa muhula niliuliza dhima ya mbolezi, Neema akaandika maneno mawili tu: kuita watu. Mwalimu mwenzangu akasema jibu hilo halimo kwenye mwongozo wa kusahihishia, mpe sifuri. Nimempa alama zote, na anayetaka kubisha aje darasani kwangu tuimbe.