Jua Lililoujaza Mto

Binti yangu mkubwa ameolewa Norwe, kule kaskazini kabisa, ambako kiangazi kikianza jua halitaki kuzama. Mwaka jana, mwezi wa tano ukielekea ukingoni, naye mimba yake imeshakomaa, alinipigia simu ya video anioneshe mto unaopita mbele ya nyumba yao. Yarabi toba! Mto ule wakati wa baridi mie niliuona umeganda, watu wanatembea juu yake. Sasa ulikuwa unanguruma, umebeba mapande ya barafu makubwa kama mafriji, yanagongana, yanapinduka.

"Mama, hospitali iko ng'ambo," aliniambia. "Daraja ni moja tu. Maji yakizidi kupanda watalifunga."

Sikuvuta hata pumzi, nikampigia mama yangu Jidda, mtaa wa Ghulail, wazee wetu walikokaa tangu watoke Unguja. Mie nafanya kazi Riyadh, ofisi moja ya Olaya, lakini jambo la uzazi kwetu haliendi bila bibi. Na bibi, kwa mafuriko, anajiona fundi. Ghulail wingu likijikusanya tu, watu wanakunja mazulia wanayapandisha ghorofani, maana mvua ikishuka, uchochoro mzima unakuwa mto. Jua likitoka, halas, pamekauka. Basi akawaita majirani, Waswahili kwa Wahausa, wakakaa wakasoma Yasini, wakaomba jua liwake kwa mjukuu wake. Tena akawahimiza waombe kwa nguvu, liwake kweli kweli.

Likawaka. Jamani, likawaka!

Nikamwandikia binti yangu kwamba bibi yake anamwombea jua. Kesho yake akapiga, anacheka na kulia pamoja. "Mama, mwambie bibi aache! Huku hakuna mvua hata tone. Ni theluji ya milimani inayeyuka. Jua likizidi, na mto unazidi. Ombeni baridi!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu hofu ikanishika palepale. Nikampa mama habari. Akasema, "Loo! Kumbe tunamzamisha mtoto kwa mikono yetu!" Nikamsikia dirishani anapaza sauti: "Nyie! Rudini! Tumeomba siko!" Mara hii hakukuwa na haja ya kumhimiza mtu. Kwa joto lile la Jidda, baridi wangeiomba hata bila mjukuu.

Baridi ilikuja, kidogo. Maji yakasita kupanda, hayakushuka. Na mtoto naye hakungoja.

Asubuhi nilikuwa kituo cha metro, naenda kazini, simu ikalia. "Mama, uchungu umeanza. Tunavuka sasa hivi." Mumewe nilimwona kwenye usukani, ameukamata kwa mikono miwili. Treni ikaja, nikaiacha. Nilikuwa naogopa nikiingia mtandao utakatika. Ikaja nyingine, nikaiacha pia. Mlinzi akanisogelea, "Yalla, hajja, panda," nikampungia mkono kama ninayefukuza nzi. Kazi ingeningoja, au isiningoje, shauri yake.

Kwenye kioo cha simu nikaona daraja, na maji yamefika karibu kulilamba. Pande la barafu likaja limeelekea nguzo moja kwa moja. Nikasikia mshindo. Binti yangu akapiga ukelele, nami nikapiga wangu, katikati ya kituo, "Kanyaga mafuta, baba! Kanyaga!" Mkwe wangu Kiswahili hajui hata chembe. Lakini alikanyaga.

Picha ikaganda. Nikaitikisa simu, eti itasaidia. Nikaita, "Mwanangu! Mwanangu!" Watu wote kituoni wameshageuka kunitazama, na mie sina habari nao.

Ndipo sauti ikarudi. "Tumevuka! Mama, tumevuka! Wanalifunga nyuma yetu! Na chupa imepasuka, lakini hospitali naiona, ile pale!"

Sijui vigelegele vilinitoka wapi. Vilinitoka tu, virefu, mpaka mlinzi akaruka. Bibi mmoja wa Kisaudi aliyekuwa akingoja treni akanishika bega, akaniuliza kwa Kiarabu kama ni kheri.

"Binti yangu amevuka," nikamwambia, machozi yananitiririka.

Hakuuliza amevuka nini. Akaweka kiganja mdomoni, akapiga cha kwake, na wanawake wengine kwenye kituo wakadakia.