Chingamu Kwenye Pua ya Bomba

Juzi kwenye maabara ya shule, hapa Kajiado, mtu alizibua sinki na maji yakateremka yakilia gruu, gruu, halafu ule mkoromo wa mwisho, kama ng'ombe anayemalizia ndoo. Darasa zima lilicheka, kisha wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye mchekeshaji wa Fom Tatu na nafasi kama hiyo huwa siiachi. Safari hii niliinama nikaendelea kupangusa meza. Mwalimu wa kemia akaniuliza kama naumwa.

Sikuwa naumwa. Ni vile huo mlio nimekua nao, na mambo yake sijawahi kumwambia mtu. Nyinyi nitawaambia, lakini iishie hapa.

Nilipokuwa darasa la tano tuliishi Kitengela. Baba ni fundi wa bomba, na kwa vioo vilivyobaki kwenye duka la mtu alijijengea tangi la samaki akaliweka sebuleni. Mtaa wenyewe ulinunua maji kwa mkokoteni wa punda, na sisi tulikuwa tunafuga samaki watano wekundu ambao hata hawaliwi. Mama Resiato, aliyetuletea maziwa asubuhi, alisimama mlangoni na kibuyu chake akitikisa kichwa. "Hii maji yenu inatembea siku yote," alisema, "na haifiki."

Kweli haikufika. Pampu iliyapandisha kutoka kwa pipa chini ya meza, tangi likijaa yakamwagikia kona iliyotengwa kwa kioo, yakashuka na bomba hadi kwa pipa tena. Samaki walikuwa wapole. Kelele ilikuwa ya lile bomba. Lilibweua, likakoroma, likapiga kwikwi. Wakati wa maombi ya Jumatano, Mami akisema tunyamaze mbele za Bwana, bomba ndilo lilijibu. Nililiita Tumbo la Mchungaji. Shuleni niliigiza sauti zake zote nikiwa nimefura mashavu, na watoto walinipa nusu ya mandazi yao ili nirudie.

Baba hakuwa anacheka. Mwenye hoteli mpya barabara ya Namanga alitaka tangi kubwa pale wageni wanapopokelewa, na alikuwa na sharti moja tu: lisisikike. Angekuja Jumamosi kusikiliza letu. Akiridhika, Baba angeachana na kuchimba mashimo ya choo, kazi iliyomrudisha nyumbani kila jioni na udongo mweusi mpaka ndani ya masikio.

"Maji haina kelele, Mwaitu," aliniambia akiwa amelala chini ya meza. "Kelele ni ya hewa."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Niko na jina la mama yake, kwa hivyo kwake mimi ni mama, na kwetu mtu hamchapi mama yake wala kumfokea. Kaka yangu alichapwa kwa makosa yake na kwa mengi yangu. Mimi niliulizwa kwa upole, nikajibu nilivyotaka.

Wiki nzima Baba alihangaika na hilo bomba. Aliliongeza urefu ndani ya ile kona, ili maji yapande juu na yasianguke kutoka mbali. Mwisho wa chini akauzamisha kidogo tu ndani ya maji ya pipa. Halafu juu akaweka elbo, ile kona ya plastiki, ikiangalia chini, na mgongoni mwake akatoboa kitundu kidogo kama punje ya mtama.

"Hii ni pua yake," alisema. "Inapumua hapa. Ukiziba, bomba itavuta maji yote mara moja, ikauke, ianze tena. Kama choo."

Akawasha pampu. Maji yakaenda, na hatukusikia kitu. Mami alisema ndiyo mara ya kwanza kusikia saa yetu ya ukutani. Baba aliketi na gambuti zake miguuni, akasikiliza ule ukimya huku akitabasamu peke yake, kama mtu anayesikiliza redio.

Mimi niliona nimeibiwa. Nilikuwa nimemwahidi Nashipae na wenzake wawili kwamba Jumamosi watakuja wasikie Tumbo la Mchungaji wenyewe. Walikuja. Mami alikuwa sokoni, Baba ameenda barabarani kumngoja mwenye hoteli.

"Hii imenyamaza," Nashipae alisema. "Ulikuwa unatubeba ufala na unakula mandazi yetu."

Nikapanda stuli, nikatoa chingamu mdomoni, nikaibandika kwenye ile pua na kuikandamiza kwa meno ya kijiko. Hapana, kijiko hakina meno. Niliikandamiza kwa meno yangu mwenyewe, nimeinama ndani ya tangi kama mbuzi. Ona, hata hapa nataka kudanganya.

Tulingoja. Maji yakapanda, bomba likavuta pumzi, likayameza yote kwa mkupuo, likakoroma mpaka mwisho. Wenzangu walianguka kwa kicheko. Likafanya tena. Hapo ndipo tukasikia mlango wa gari, nasi tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukachungulia dirishani.

Mwenye hoteli alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisa. Bomba likameza.

"Fundi," yule mzee alisema polepole, "hii ni ya samaki ama ni ya choo?"

"Mzee, jana haikuwa hivi. Ngoja tu kidogo."

Wakangoja. Likameza tena.

"Wageni wangu watakuwa wanashikwa na haja kabla hawajapewa chumba."

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, na Baba alitazama dirishani.

Jioni aliniita. "Mwaitu, kuna mtu umeona akigusa hii bomba?"

"Hapana."

"Sawa, Mwaitu. Basi ni mimi."

Jumatatu alirudi kwenye mashimo. Tangi likauzwa bei ya vioo, nami nikaamini nimepona.

Likizo iliyopita nilikuwa natafuta bisibisi kwenye sanduku lake la kazi. Chini kabisa, ndani ya gazeti, ilikuwa ile elbo. Chingamu ilikuwa bado kwenye kitundu, imekauka kama jiwe, na alama za meno yangu, hata pengo nililokuwa nalo mbele mwaka ule. Kwa hivyo aliponiuliza alikuwa ameshaiona. Hakuwa anatafuta mkosaji. Alikuwa ananifungulia mlango nipite mwenyewe, nami nikamwambia hapana, na hangeweza kumwita mama yake mwongo. Kosa akalibeba yeye. Tangu Jumamosi ile nilimwona akienda kuchimba nikidhani hajui.

"Mwaitu," Baba aliita kutoka uani, "unatafuta nini huko?"

Nilikuwa nimeishika mkononi.

"Bisibisi," nikasema.