Bibi Aliyekuja Kutazama Tamthilia

Ulanzi, ile pombe ya mianzi, sijawahi kuonja, na siku hiyo nilikuwa nimekula vizuri tu. Naanza na hayo kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki huniuliza hayo kwanza. Ni kweli mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Mtu akinitumia ujumbe wa "tutaongea kesho", usingizi unaisha hapo hapo. Lakini wasiwasi una mipaka yake. Wasiwasi haukushiki mkono. Usiponiamini sitakulaumu, ila nisikilize mpaka mwisho, maana yaliyonipata yanaweza kukupata wewe au mwanao.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nipo nyumbani kwetu Soweto, Mbeya, nasubiri majibu ya usaili wa kazi. Mama alichoka kuniona nikiiangalia simu kana kwamba ina homa. Kaka yake, mjomba wangu wa Mafinga, anafanya biashara ya mbao. Msimu ule wa baridi alipata oda ya magogo ya kushikilia mashimo ya dhahabu huko Makongolosi, akaamua kukaa huko mwezi mzima na mkewe. Akaniita nimlindie nyumba.

"Kazi yako ni kulala humu na kuwasha taa ya nje," aliniambia. "King'amuzi nimekilipia cha mwezi. Tazama mpaka macho yachoke, labda hicho kichwa chako nacho kitapumzika."

Hakikupumzika hata kidogo. Nilitazama kila kitu kuanzia asubuhi mpaka usiku. Nikitazama tamthilia ya hospitali, najipapasa shingo kutafuta uvimbe. Nikitazama kipindi cha wanyama, nainama kuangalia nyoka chini ya kitanda. Nyoka, Mafinga, mwezi wa saba! Unaijua baridi ya kule wewe? Ukungu unashuka kutoka kwenye mipaini mchana kweupe, unakaa uani na hauagi. Kwa hiyo nilikuwa nawasha jiko la mkaa nje, likishika moto naliingiza sebuleni, naliweka karibu na kochi, najifunika blanketi, nashika rimoti. Kila mtu hufanya hivyo. Na mimi nilifanya.

Siku moja ya mwanzoni, jioni mapema, nikasikia hodi. Mlangoni kulikuwa na bibi mmoja mfupi, amejitanda blanketi la mistari, miguu mitupu katika baridi ile.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, bibi. Karibu ndani."

Nikamwonyesha kochi, akalikataa. Akakaa sakafuni, karibu kabisa na mlango, macho kwenye runinga. Nilipoinuka kufunga mlango akaninyooshea kidole.

"Uache wazi kidogo, mume wangu. Mimi sipendi kufungiwa."

Huo wa "mume wangu" ni utani wa kawaida wa bibi na mjukuu, haukunishtua. Wala sikumuuliza ametoka wapi. Kwetu Soweto, wakati nakua, sebule ilikuwa inajaa majirani waliokuja kutazama runinga, nani aliwauliza? Nilijua ni bibi wa jirani tu. Nilichojali ni baridi iliyokuwa ikiingia kwenye ule mlango na kunikata visigino.

Tangu hapo akawa anakuja kila jioni ukungu ukishuka, wakati wa ile tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Na hakutazama kimya.

"Hawa watu hawalimi?" aliniuliza. "Kutwa wanalia kwenye makochi."

"Ni matajiri, bibi."

"Matajiri gani hawali? Angalia, chakula kile pale mezani, mtu kauliza swali moja wote wameinuka. Mama yao hakuwafundisha kuogopa njaa."

Siku nyingine binti wa kwenye tamthilia alikuwa analia mvuani akimsubiri mchumba, na bibi akamgombeza hasa: "Ingia ndani, mjinga wewe! Utaolewa na homa!" Nilicheka mpaka nikasahau simu. Ukinijua utaelewa hilo ni jambo kubwa. Hata majibu ya usaili nilikuwa sisubiri tena roho juu. Nilikuwa namsubiri bibi.

Chai nilimpa kila siku. Aliishika, akaipakata, akasema atakunywa hao wa kwenye runinga wakipumzika. Alipoondoka nilikuta kikombe kimejaa na kimepoa. Nikadhani mimi sijui kupika chai. Ndivyo kichwa changu kilivyo: kinahangaika na mambo yote isipokuwa lile lenyewe.

Halafu asubuhi moja Mama Tumaini, jirani wa pili, alikuwa anaanika nguo. Nikamuuliza yule bibi anakaa nyumba ipi, nimpelekee soksi.

"Bibi gani?"

"Huyu anayekuja kutazama runinga kwangu. Mfupi, wa blanketi la mistari."

Mama Tumaini akashusha shuka alilokuwa anakamua. "Wewe kijana, mtaa huu hauna bibi. Sisi tunakusikia kila jioni unacheka na kuongea, tukasema msomi ana mchumba kwenye simu."

"Sauti yake hamuisikii?"

"Tunaisikia ya kwako."

Sasa fikiria mtu kama mimi, aliyemaliza wiki nzima akitazama filamu za mizimu kwa sababu hazikuwa na malipo ya ziada, anaambiwa hivyo. Siku hiyo sikusubiri ukungu. Nilifunga madirisha yote, nikaingiza jiko, nikalijaza mkaa. Mlango nikaupiga komeo lile la juu, na taulo nikalisokomeza chini, upenyo wote ukaisha. Nikakaa kwenye kochi, nikapunguza sauti ya runinga.

Hodi ikaja saa yake ile ile.

Nikapandisha miguu kwenye kochi.

"Mume wangu, nipo baridini."

Niliziba mdomo kwa blanketi.

"Najua upo, mwanga wa runinga nauona. Fungua kidogo tu. Kidogo."

Nikafumba macho. Akabisha tena, kisha kimya. Nilijisikia nimeshinda, nikueleze ukweli. Joto likapanda vizuri, kichwa kikaanza kuniuma kwa mbali, nikasema hiyo ni hofu. Nikasikia kichefuchefu, nikasema ni hofu. Kope zikawa nzito kama mtu aliyefanya kazi shambani kutwa. Tamthilia ilikuwa inaendelea, binti yule analia kama kawaida yake, nami nikawa nazama taratibu, na niamini, ilikuwa tamu. Hilo ndilo linanitisha mpaka leo.

Kofi likanipata shavuni.

Nilifumbua macho. Bibi alikuwa amesimama juu yangu, ndani. Mara ya kwanza kumwona mbali na mlango.

"Nyanyuka!"

Ulimi ulikuwa mzito, lakini kichwa changu, hata pale, kikatafuta swali. "Umepita wapi, bibi? Nimefunga."

"Maswali utaulizia nje. Nyanyuka, nimesema!"

Miguu ilikataa. Nikaanguka kwenye zulia, nikatambaa. Yeye nyuma yangu ananigombeza kama alivyomgombeza yule binti wa mvuani: mvivu wewe, sogea, msomi gani anashindwa na zulia lake mwenyewe. Nilifika mlangoni nikainua mkono, komeo likawa juu mno. Ndipo mkono wake ukaja juu ya wangu. Wa baridi, wenye sugu za jembe. Ukaubeba mkono wangu mpaka kwenye komeo, tukalivuta pamoja.

Mama Tumaini alinikuta barazani, kifudifudi, natapika, mlango wazi nyuma yangu. Alikuwa ametoka kuingiza kuni akasikia mlango unajibamiza ukutani. Akapiga kelele, watu wakaja, nikapakiwa kwenye bajaji mpaka hospitali.

Muuguzi wa zamu aliniambia mkaa ukiwaka chumbani pasipo na hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Akasema pia sumu hiyo huchezea akili, mtu huona mambo. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko unavyodhani. Huenda mwezi mzima nilikuwa naona mambo. Sawa. Lakini hapo hapo kitandani, dripu mkononi, nikaelewa jambo jingine, nikalia: jiko lilikuwa sebuleni kila siku. Kila siku! Na kila siku nilikuwa hai kwa sababu ya ule upenyo wa mlango niliokuwa naunung'unikia, ulioachwa kwa ajili ya bibi asiyependa kufungiwa. Siku niliyomfungia yeye, nilijifungia mwenyewe.

Mjomba aliporudi kutoka Makongolosi nilimweleza yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Aliyeniuzia kiwanja hiki aliniambia palikuwa na nyumba ya zamani," alisema. "Sikumuuliza waliokaa humo walikuwa nani, wala walikufaje."

Tulikwenda wote kanisani Jumapili, nikatoa shukrani. Mzee wa kanisa aliniuliza asome nini mbele ya washarika. Nilitaka ataje jina la bibi, ila sikuwa na jina, nikamwambia aseme jirani. Akasoma kwamba kijana huyu anamshukuru Mungu kwa kunusurika na moshi, na kwa jirani aliyemwamsha. Watu wakamgeukia Mama Tumaini, wakampigia makofi. Naye akaniangalia, akatikisa kichwa taratibu, maana alijua hakuniamsha yeye.

Sasa nafanya kazi Iringa mjini, nimepanga chumba kimoja. Baridi ikizidi kichwa bado huniuma upande wa kushoto, na kila Jumapili namwombea bibi mmoja kwa neno hilo tu, bibi. Bado namwogopa, sitakudanganya. Lakini nikimkumbuka nacheka kabla sijaogopa.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma huku kwetu nyanda za juu, msimu huu wa ukungu: vaa masweta mawili, jikunyate, lalamika upendavyo, lakini jiko lisilale ndani na wewe. Mimi nilikuwa na wa kunipiga kofi. Wewe humjui wa kwako, wala hujui kama atakuja.