Vizingiti Viwili vya Bwaise

Kampala husifiwa kwa vilima vyake. Bwaise ndipo vilima hivyo vinaponawia miguu. Mvua ikinyesha kule juu kwa wenye vigae, sisi wa bondeni hupokea maji, pamoja na kila kitu ambacho wenye vigae hawakukitaka.

Ndiyo maana cheo cha mtu hapa hakipimwi kwa gari bali kwa kizingiti: kijiukuta cha matofali na simenti mlangoni, cha kuzuia mafuriko. Anayepandisha chake humsukumia jirani maji. Kila mtu analijua hilo, na kila mtu hulishangaa likimpata.

Hortense, mjane kutoka Bukavu, huuza unga wa muhogo katika chumba kimoja: magunia upande huu, kitanda upande ule. Mlango wa pili ni wa Abalo, Mwacholi, mke wa polisi. Mwaka jana Abalo aliongeza tofali moja. Hortense akaongeza mawili.

"Wewe mama Kongo," Abalo akamwambia, "unajenga kambi?"

"Miye najenga mulango. Kambi ni ya bwana yako."

Kufikia Machi vizingiti vilikuwa kiunoni. Hortense aliingia kwake kwa kupanda kigoda, na umri wake ni miaka hamsini na minane, na goti la kuaminika ni moja. Wateja wazee walihamia kwingine. Haidhuru, alisema, unga ni mukavu.

Jumanne moja ya Aprili, mchana, mvua ikaja. Mlangoni halikupita tone. Maji yalitokea sakafuni, kama kawaida yake ardhi ya Bwaise ikishashiba, yakakuta ukuta imara wa kuyazuia yasitoke. Hortense alikuwa amejijengea tangi. Gunia la chini likaanza kuwa uji, na maisha yake yote yalikuwa katika magunia yale. Akaupiga ukuta kwa mchi, ukavunjika mchi. Simenti ile aliisimamia mwenyewe.

Abalo alikuwa amesimama juu ya kizingiti chake, mkononi sululu ya mumewe.

"Abalo, vunja!"

"Sema naomba."

"Vunja, mushenzi weye, unga inakufa!"

Abalo akaridhika, hakutarajia zaidi. Alipiga kwa raha ya mtu aliyeliota pigo hilo mwaka mzima. Ukuta ukaanguka, maji yakatoka kwa kishindo, magunia sita ya juu yakapona. Kisha Hortense akampokonya sululu, kwa kuwa kwa Abalo nako godoro lilikuwa linaelea, akakipiga kizingiti cha mwenzake kwa nguvu zaidi.

Hakuna aliyeshukuru.

Hortense amejenga kizingiti tena, mpaka magotini tu, simenti kidogo, mchanga mwingi. Kila asubuhi Abalo hupita, hukisukuma kwa kidole cha mguu, huguna.

"Simenti yako mbaya."

"Nimekuwekea weye na sululu yako," Hortense humjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye unga.