Ombi la Moraa juu ya Mwanawe Askari

Moraa hakuwa mtu wa kuchezea maombi. Akiandikisha jambo kwenye daftari la fellowship ya akina mama Wakenya kule Hodge Hill, Birmingham, alifunga kula Jumatano nzima, hata zamu ya kuwahudumia wazee ikiwa ndefu namna gani. Na utaratibu wa pale ulijulikana: ombi likishaandikwa halifutwi. Linaombewa kila Jumamosi mpaka mwenyewe asimame atoe ushuhuda, ndipo Mama Kendi, mwenye daftari, hulipiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Ombi la Moraa lilikuwa na mwaka na nusu sasa: mwanawe atoke jeshini.

Mwanawe huyo alizaliwa binti, akalelewa kwa marinda ya kanisani na nywele za kusukwa. Alipofika miaka ishirini alimwambia mama yake kwamba yeye ni mwanamume, jina lake ni Mark, na anakwenda kuwa askari. Jeshi la Uingereza likampokea, maana watu kama yeye limewaruhusu tangu mwanzoni mwa karne hii. Likampa sare, kitambulisho chenye jina la Mark, na kazi ya kutibu majeruhi. Jamani, jeshi! Moraa alitegemea hao ndio watakaomnyoosha, wao na kelele zao za alfajiri. Kumbe nao wakamwita Mark. Basi hasira yote akaihamishia kwao. Wakimtoa atarudi nyumbani, alijiambia, na akirudi nyumbani atarudi kuwa yule wangu. Jina la Mark halikuwahi kumtoka mdomoni. Kwenye simu alisema "wewe" tu.

Halafu ikatangazwa kwamba Amerika inawaondoa jeshini askari waliobadili jinsia. Simu ya Moraa haikutulia. "Amerika leo, Uingereza kesho!" aliandika Mama Kendi kwenye grupu. "Dada Moraa, Jumamosi uje na ushuhuda." Moraa naye, tusimfichie, alifurahi. Alinunua hata kitambaa kipya cha kichwa pale Coventry Road.

Alhamisi mtoto akapiga simu. Kiswahili anakielewa vizuri, lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa Birmingham. Alisema mkubwa wake amemwita na kumhakikishia kwamba hapa utaratibu haujabadilika. Kisha akauliza, "Mum, wakibadilisha, wakinitoa, nitaenda wapi?"

"Si utarudi nyumbani," Moraa alijibu haraka.

"Nyumbani kwa nani? Jina langu lenyewe linakushinda."

Mtoto akasema anaitwa kazini, akakata.

Ijumaa Moraa alikuwa Great Barr kwa Walter, mzee wa miaka themanini na mitatu aliyewahi kuwa mwanamaji. Alikuwa akimnyoa ndevu, na redio ilikuwa inazungumzia askari wale wale wa Amerika. Walter akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mimi pia walinitoa."

"Si ulistaafu?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Walikuta barua niliyomwandikia mwanamume niliyempenda. Siku zile hawakusamehe hilo."

"Ukaenda wapi?"

"Kwa mama. Aliniona kupitia dirisha, akavuta pazia."

"Ukarudi lini tena?"

"Siku ya mazishi yake."

Moraa alisimama na wembe mkononi, povu likimkauka mzee shavuni. Haki ya Mungu, ombi lake hakuwahi kulitazama kutoka nje ya mlango, pale anaposimama mtoto. Huyu alitolewa kabisa, vile yeye alivyoomba mwaka na nusu, na bado mama yake hakumpata. Aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu atake kukaa chini.

Jumamosi chai ya maziwa ilimiminwa na mandazi yakapita. Mama Kendi alifungua daftari, kalamu nyekundu tayari. "Dada Moraa, tunakusikiliza."

"Sina ushuhuda," Moraa alisema. "Nataka kuliondoa ombi langu."

"Ombi haliondolewi, Dada. Tangu lini mama akachoka kumwombea bintiye?"

"Sijachoka. Niliomba vibaya. Niliomba mtoto wangu avunjike ndio anijie, nanyi mkaniitikia amina. Nimekosa, na nimewakosesha."

Mama Kendi aliifunika kalamu yake. "Basi unataka tuandike nini?"

Moraa alilivuta daftari, akatoa kalamu yake mkobani, akalipiga ombi lake mstari mwenyewe. Chini yake akaandika huku akisoma, sauti ikifika mpaka nyuma: "Mark, mwanangu. Adumu kazini. Na siku akija, anikute mlangoni."

Amina zilikuja tatu tu, na ya Mama Kendi haikuwamo. Moraa hakungoja ya nne. Alitoka nje na kitambaa chake kipya, akasimama kando ya mapipa ya taka, akapiga simu.

"Mark," alisema.

Aliibana simu sikioni zaidi.

"Mark, ni mama."

"Rudia," mtoto alisema, kwa Kiswahili. "Mama, rudia tena."