Siafu na Mafiga ya Mama

Mama alihamia kijijini bila mafiga yake. Vitu vingine vyote tulivibeba kutoka kwetu kwa zamani, ndani kwenye mikorosho: vitanda, kinu, mitungi, mpaka mlango wa mbele tuliung'oa. Mafiga akayaacha kule kule jikoni na majivu yake. Kwetu, mwanamke aliyeacha mafiga nyuma hajahama, ametembea tu. Kila aliyechungulia jikoni kwetu pale kijijini Kurui na kuona sufuria juu ya vipande vya matofali alielewa, na mama alitaka waelewe.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa safu moja kama watu kwenye foleni ya sukari. Baba alishafariki, tulikuwa wawili tu. Mimi kijiji kilinipendeza mno. Nilikuwa nafundisha kusoma kwenye darasa la watu wazima, nilikuwa na wenzangu wa kwenda nao kisimani, na adhana niliisikia bila kutega sikio. Mama hakutaka hata kusikia habari hizo. Kule porini alizoea kuwa peke yake na Mungu wake. Huku, alisema, ukitaka kuomba dua inabidi umsubiri jirani amalize kuzungumza.

Jirani mwenyewe alikuwa mjane kutoka Msimbu, mwenye sauti ya kufukuzia nguruwe pori. Mama akikohoa tu, ukuta wa udongo unaitikia: "Pole, mwenzangu!" Mama kimya. Mimi naona aibu.

"Huku mtu huwezi hata kukohoa kwa siri," alininong'oneza.

Kuku wa mama alikuwa anaatamia mayai kwenye tenga, pembeni ya kitanda. Neno la mama likawa moja: vifaranga wakianza kula chenga, anarudi. Na akirudi yeye narudi na mimi, maana nani angemwacha mama yake peke yake porini? Kila nilipomtazama yule kuku nilimkasirikia.

Asubuhi moja ya masika, mvua imekatika, tulirudi kutoka shambani tukakuta siafu wanaingia nyumbani kwetu.

Kwa siafu mama alikuwa na utaratibu wake, alioupata kwa mama yake. Hupigani nao. Unatoa kuku, unatoa chakula, unaacha mlango wazi, unasema Bismillahi, unakaa nje. Wanaingia, wanapekua kila ufa, wanakula mende, panya, hata nyoka wa kwenye makuti, kisha wanaondoka wenyewe na nyumba inabaki safi kuliko ungeifagia. Utotoni nilidhani ni uvivu. Nilipokua nikaona ugumu wake: kukaa nje ya nyumba yako mwenyewe na kuamini kwamba aliyewaleta atawaondoa. Imani niliyonayo leo nadai niliipata pale, kwenye mkeka wa nje, nikiwasubiri siafu wamalize.

Siku hiyo balozi wetu wa nyumba kumi, kijana mwenye bidii kuliko busara, alituwahi. Kwake siafu walikuwa adui wa maendeleo. Alikuwa amemwaga majivu ya moto katikati ya msafara wao.

"Umefanya nini, mwanangu?" mama akapiga kelele. "Ukiwakata njia wanatawanyika!"

"Shikamoo, mama. Nawazuia."

"Marahaba. Haya, tazama unavyowazuia."

Walitawanyika kweli. Msafara uliokuwa upite nyumba moja uliingia nyumba zote za safu yetu. Watu walitoka mbio na watoto, na uji, na magodoro. Ndipo mama akashika kichwa.

"Kuku wangu," akasema, kwa sauti ndogo. Lakini yule jirani yetu hakuna alichokuwa hasikii. Alipandisha kanga, akaingia ndani kwetu, akatoka na tenga kichwani, anapiga mayowe, na kuku naye anapiga yake.

Wanawake tulimzunguka, tukashika kanga kumkinga. Mama akapiga magoti akaanza kumtoa siafu, kuanzia vifundoni mpaka mgongoni, mmoja mmoja.

"Pole, mwenzangu," akawa anasema. "Pole. Ungeacha tu, ni kuku."

"Si ndiye unayemsubiri ili uondoke?"

"Ndiye."

"Basi nimekuokolea safari yako," jirani akasema huku anajikuna, wala sikusikia kijembe ndani yake.

Tulikaa nje sote, safu nzima, tukagawana uji wa yeyote aliyewahi kuutoa. Mbele yetu siafu walikuwa wanavuka mfereji wa maji ya mvua. Wengine walikuwa wameshikana miguu juu ya maji, na wenzao wanapita migongoni mwao. Mama aliwatazama mpaka uji wake ukapoa.

"Kule kwangu nimewaona hawa miaka yote," akasema. "Sikuwahi kuwatazama na mtu."

Adhuhuri wanawake tuliswali pale pale uani, bega kwa bega, jirani kati yangu na mama. Ilipofika alasiri siafu walikuwa wamekwenda zao, na balozi akatangaza kwamba amewashinda. Tulimwachia furaha yake.

Vifaranga walitoka salama, wakakua, wakaanza kula chenga. Asubuhi moja mama akalitoa tenga, akalikung'uta.

"Twende," akaniambia.

Nilifunga furushi langu nikilia. Njia nzima alitangulia yeye, tenga kichwani. Kule kwetu nyasi zilikuwa zimeshafika mlangoni. Mama akaingia jikoni, akainama, akayang'oa mafiga kwenye majivu, akayafuta kwa kanga, mawili akayatia kwenye tenga.

"Usinitolee macho," akasema. "Beba hilo kubwa."

Jioni ile alipika juu ya mafiga yake, Kurui. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukampalia, akakohoa.

"Pole, mwenzangu!" ukuta ukaitikia.

Mama akaweka mwiko chini. "Nishapoa," akajibu, kwa sauti ya kusikika safu nzima. "Njoo tule."