Dada wa Jikoni

Tangu dada yangu arudi kutoka Goma, alikoolewa na vita vikamkuta, hakai mahali asipoona mlango. Hata wakati wa kula hugeuza kwanza kigoda chake. Vidole vyake havitulii, vinachambua alizeti hata pasipo na alizeti. Wageni wakija, mama humficha jikoni na kusema ana malaria, maana nyumba yenye mabinti wa kuposwa haitaki sifa ya ukichaa. Wakishaondoka, mama huyohuyo humsuka nywele taratibu akimwimbia kwa Kinyaturu. Mimi niliyebaki hapa Issuna nikilima na kuchota maji, sikumbuki ni lini mkono ule uligusa kichwa changu. Kuna jioni natamani na mimi ningeenda mbali, nirudi nimevunjika.

Juzi majirani walikuja kutusaidia kupiga alizeti. Fimbo zilipoanza kushuka kwa pamoja kwenye turubai, dada alitoka jikoni mbio, akamnyakua binti yangu Emiliana, akamfunika kwa mwili wake nyuma ya magunia. Watu wakaacha kupiga. Mama akajifunika uso kwa khanga. Dada alikuwa akimnong'oneza mtoto, kwa upole ambao mimi sikujaaliwa, "Tulia mama, hawatuoni."

Nikamwita mwanangu aje kwangu. Emiliana, ambaye kwangu hulia hata nikimwogesha, alichungulia chini ya kwapa la dada, akaweka kidole mdomoni, akaniashiria na mimi nilale chini.